Kamba ya Gurudumu la Mbele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wahida aliishika baiskeli ya baba yake isianguke, huku matenga ya samaki wakavu yakifungwa nyuma. Kwa msichana wa miaka kumi na mitatu ilikuwa kazi ya nguvu. Baba yake, Abudo, alikuwa mchukuzi wa samaki. Aliwanunua pwani, hapo hapo kwao Olumbi, akawapeleka kwa wakulima wa Mute, akarudi na mihogo au karanga.

"Shika vizuri, usije ukaimwaga riziki yetu," Abudo alisema akikaza kamba ya mwisho.

"Baba, leo umepakia kama mtu anayehama."

"Mute wanasubiri. Tangu magari ya gesi yaanze kupita, hata dagaa wamepanda cheo."

Mwaka ule habari ya gesi ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Ilisemekana imegunduliwa chini ya bahari, tena chini ya mwamba ulio chini ya bahari. Anga lilipokuwa safi, watoto walisimama ufukweni kuitazama meli yenye mnara katikati, ndogo kama kisahani kwa sababu ya umbali. Helikopta zilipita juu ya mapaa ya makuti. Na barabara, ambayo zamani ilikuwa mchanga mtupu, ilichongwa na greda, ikamwagiwa kifusi chekundu, ikashindiliwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu.

Siku moja Wahida alimwuliza baba yake, "Gesi yenyewe ikoje?"

"Haionekani, mwanangu. Haina rangi wala umbo. Lakini wanasema inaweza kuwasha taa za nchi nzima."

Jibu hilo lilimkaa Wahida moyoni. Alistaajabu kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuita meli, kurusha helikopta na kuchongesha barabara.

Barabara hiyo ngumu ndiyo iliyoishusha ukutani baiskeli ya Dona Quitéria. Dona Quitéria alikuwa mwalimu wao wa sayansi, mzaliwa wa Quelimane, mji ambao, kwa maneno yake mwenyewe, mtoto hupanda baiskeli kabla hajaota meno. Alipopangiwa kufundisha Olumbi alikuja na baiskeli yake ya barabara: fremu nyembamba ya chuma, rangi ya buluu, matairi membamba, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Kwa muda mrefu ilining'inia tu, kwa sababu mchanga ulikuwa unaimeza.

Siku ya kwanza alipoileta shuleni, alifanya jambo ambalo Wahida hakulisahau. Aliishika kiti, akakimbia nayo hatua chache, kisha akaiachia. Baiskeli ikaenda peke yake. Ilipoanza kuinama kushoto, gurudumu la mbele liligeuka lenyewe kushoto na kuinua mwili wake. Ilipoinama kulia, likageuka kulia. Ikavuka uwanja mzima namna hiyo, kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani, mpaka ikachoka na kulala kwenye majani.

"Nani anaiendesha?" Wahida aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jini la Quelimane," alijibu Faizal, binamu yake, na darasa zima likaangua kicheko.

Dona Quitéria naye alicheka. "Hakuna jini, Faizal. Ni umbo lake tu. Tutafika kwenye somo hilo."

Wengine walikwenda kucheza. Wahida alibaki akilitazama gurudumu la mbele, na ule uma wa chuma unaolishika, miguu miwili inayoteremka na kujipinda mbele kidogo kabla ya kufika katikati ya gurudumu. Kitu gani hapo kinajua kuanguka ni kubaya?

Tarehe ishirini na tano Juni, Siku ya Uhuru, kungekuwa na mbio za baiskeli za wasichana mjini Palma. Dona Quitéria aliwajaribu wasichana wote wa darasa la saba, akamchagua Wahida. Mikono iliyozoea kuzuia matenga ya samaki haikuogopa usukani. Kuanzia hapo, kila alasiri Wahida alifanya mazoezi barabarani, na kila alasiri alishangaa upya. Baiskeli ya baba yake ilikwenda kama ngalawa iliyojaa maji. Hii ya mwalimu ilikwenda pale alipotazama.

Mbio zilipokaribia, Dona Quitéria aliitwa Palma kwenye mkutano wa walimu. Alimwachia Wahida baiskeli na agizo moja.

"Ikipata hitilafu yoyote, usiiguse. Nisubiri mimi. Hata kama kosa ni lako, nisubiri. Umenielewa?"

"Ndiyo, senhora professora," alijibu Wahida, kama walivyowaita walimu wao wa kike.

Alasiri iliyofuata, Wahida alikuwa anakanyaga pedali kwa nguvu, Faizal akikimbia pembeni yake, ndipo helikopta ilipotokea juu ya mikorosho. Ilipita chini sana, majani yakalala. Wahida aliinua macho. Yalikuwa ni macho tu, na kwa muda mfupi, lakini mbele yake palikuwa na rundo la kifusi ambalo greda lililiacha kando ya njia. Gurudumu la mbele lililigonga, naye akaruka juu ya usukani.

Alichubuka viwiko. Faizal alimwinua, kisha wote wawili wakaigeukia baiskeli. Uma wa mbele ulikuwa umerudi nyuma. Gurudumu lilikaribia kuigusa fremu.

"Nimekwisha," Wahida alisema, akaketi chini.

"Hujakwisha. Baba yako hunyoosha uma kila mwezi. Twende kwenye mkorosho."

"Professora amesema nisiiguse."

"Amesema wewe usiiguse," Faizal alijibu. "Mimi hajanitaja."

Olumbi palikuwa na desturi moja ya wachukuzi wa samaki. Mchukuzi akinunua baiskeli, huuingiza uma wake katikati ya matawi pacha ya mkorosho mnene, akauvuta mpaka usogee mbele. Wenyewe waliita kuitoa baiskeli shingo. Gurudumu likiwa mbele zaidi, baiskeli hunesa juu ya mashimo, mguu haugongi tairi, na tenga zito nyuma halimchoshi mpandaji. Hakuna mchukuzi wa Olumbi aliyeiheshimu baiskeli isiyotolewa shingo.

Basi Faizal alifungua gurudumu, akauingiza uma kwenye mkorosho, wakavuta wote wawili. Chuma kililia kidogo kikaanza kurudi.

"Umerudi pale pale ulipokuwa," alisema Wahida.

"Ivute kidogo tena, iwe kama za baba zetu. Professora atafurahi. Itakuwa nzuri kuliko alivyoiacha."

Wakavuta tena. Karibu na kichwa cha uma rangi ilikuwa imebanduka, kwa hiyo Faizal alikata ukanda wa tyubu kuukuu, akauzungusha hapo kwa mapambo, kama wachukuzi wanavyopamba baiskeli zao. Ukiitazama kwa mbali, baiskeli ilipendeza.

Wahida aliipanda. Kwenye tambarare, polepole, haikuwa na neno. Lakini alipofika mteremko wa Mikoroshoni na mwendo ukaongezeka, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake kama samaki kwenye ndoana. Aligeuza kidogo kushoto, baiskeli ikaruka kushoto. Akarekebisha, ikaruka kulia. Alifunga breki, akashuka.

Nyuma ya shule, Faizal alipokwishakwenda zake, Wahida alifanya kama mwalimu alivyofanya. Alishika kiti, akakimbia, akaachia. Baiskeli ilitikisa kichwa mara mbili, ikajipindua, ikaanguka miguuni pake. Aliiinua, akajaribu tena. Ikaanguka tena. Kile kilichokuwa kinaishika, chochote kilichokuwa, kilikuwa kimetoweka, na ni yeye aliyekiondoa.

Jioni Wahida aliacha chakula sahanini. Mama yake alimgusa paji la uso akidhani ni homa. Wahida alisema amechoka tu. Kama angesema ukweli, mbio zingempita na uaminifu wa mwalimu ungekwisha. Alijiambia kwamba mwalimu akirudi, labda atagundua mwenyewe, na mambo yatakuwa mepesi.

Siku aliyorudi, Dona Quitéria alifika asubuhi mapema nyumbani kwa kina Wahida, mkoba mgongoni.

"Baba yako yuko?"

"Ametangulia Mute, senhora professora."

"Basi tutakutana njiani. Naenda Mute na mimi, nikawaombe walimu wa kule walete wasichana wao kwenye mbio. Ukikimbia peke yako si mbio, ni matembezi." Aliutazama ule ukanda wa tyubu, akacheka. "Mmeifunga mpira kama baiskeli ya dagaa. Ni kazi ya Faizal hii, naijua mikono yake."

Wahida alimsogezea baiskeli bila kumwambia. Dona Quitéria alipanda, akapunga mkono, akaondoka taratibu akiepa mchanga wa kijijini.

Akaondoka kuelekea Mikoroshoni.

Wahida alisimama akiliona gurudumu lile likizunguka. Aliukumbuka usukani ukitetemeka mikononi mwake. Yeye alifunga breki kwa sababu alikuwa anaogopa tayari. Dona Quitéria haogopi. Yeye angeuachia mteremko wote, kwa kuwa aliiamini baiskeli yake, na alimwamini pia aliyeishika kabla yake.

Wahida alivua kandambili, akakimbia. Hakufuata barabara inayozunguka, alikata katikati ya mashamba, akaruka matuta ya mihogo, miiba ikamshika kanga. Alitokea juu ya mteremko wakati baiskeli ya buluu inaanza kuinamisha pua.

"Professora! Usishuke! Uma umeharibika!"

Dona Quitéria alifunga breki, akaweka mguu chini. Wahida alimfikia akihema, na mambo yote yakamtoka kwa pamoja: helikopta, kifusi, mkorosho, tyubu. Alisema ni yeye. Faizal hakumtaja mpaka alipoulizwa ni nani aliyemsaidia kuvuta.

Dona Quitéria hakugomba. Aliinama, akafungua ukanda wa tyubu pole pole. Pale rangi ilipobanduka, juu ya mguu wa kushoto wa uma, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alipitisha ukucha juu yake, ukakwama.

"Chuma kikipindwa nyuma na kuvutwa mbele huchoka, Wahida," alisema. "Kwenye mteremko huu mguu huu ungekatika. Ningeanguka mimi leo, au ungeanguka wewe siku ya mbio."

Wahida alijifunika uso kwa kanga.

Wakiwa hapo, Abudo akatokea akiipandisha baiskeli yake kwa kuisukuma. Samaki aliokuwa akiwapeleka Mute walikuwa wamenunuliwa wote njiani, hata kabla hajafika sokoni. Alisimuliwa yote. Alimtazama binti yake, akautazama uma, akavua kofia.

"Mwalimu, tumekukosea. Mtoto ni wangu, na mkorosho huo mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini nieleze jambo moja. Yangu nimeitoa shingo kuliko hii, na haijawahi kutetemeka. Kwa nini?"

Dona Quitéria alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asimamishwe. "Baba Wahida, una mshipi hapo?"

Abudo alitoa mshipi wa nailoni, uzi wa kuvulia samaki, aliofungia matenga. Dona Quitéria aliisimamisha baiskeli yake wima, Wahida akashika kiti. Kisha akaulaza mshipi ubavuni mwa shingo ya fremu, lile bomba fupi ambamo usukani huzungukia, akaunyoosha kufuata mlalo wake mpaka chini.

"Mnaona, shingo haikusimama wima. Imelala nyuma kidogo. Mshipi unagusa ardhi hapa. Sasa, gurudumu lenyewe linagusa ardhi wapi?"

Wahida aliinama. "Nyuma ya mshipi. Lakini padogo sana. Hata kidole kimoja hakitimii."

"Kabla hujaivuta palikuwa na vidole vyangu vitatu. Sikilizeni. Mbuzi ukimvuta kwa kamba, hata akiyumba, mwisho anarudi nyuma yako. Ukimtanguliza mbele na kumsukuma je?"

"Anakwenda anakotaka yeye," alisema Abudo.

"Basi gurudumu ni mbuzi. Nafasi hiyo ya vidole vitatu ndiyo kamba yake. Baiskeli inatangulia, gurudumu linafuata nyuma ya mshipi, likiyumba linavutwa lirudi. Ukiuvuta uma mbele, gurudumu linasogea mbele, kamba inafupika. Ikifupika mno, mbuzi anakushinda. Ukiurudisha uma nyuma mno, kamba inakuwa ndefu, na mbuzi anakuwa mzito, hageuki upesi. Aliyeitengeneza alitafuta urefu unaofaa mwendo wake."

Wahida aliutazama mshipi ule. Kumbe miezi yote ile, kila alipoiachia baiskeli ijiongoze, alikuwa anavuta mbuzi asiyemwona kwa kamba isiyoonekana.

"Ndiyo inayoizuia isianguke? Kamba hiyo peke yake?" aliuliza.

"Si peke yake. Yapo na mengine, na hata wataalamu wakubwa bado wanayabishania. Kitu unachokipanda kila siku, bado kina siri." Dona Quitéria alimgeukia Abudo. "Sasa tupime yako."

Waliupeleka mshipi kwenye baiskeli ya samaki. Shingo yake ilikuwa imelala nyuma zaidi, kwa hiyo mshipi uligusa ardhi mbele sana. Hata baada ya uma kuvutwa, vidole vitatu vya Wahida viliingia bila shida.

Abudo alicheka mpaka akashika tumbo. "Miaka yote hii navuta mbuzi, na hakuna aliyeniambia."

Waliporudi kijijini kwa miguu, Dona Quitéria alitoa uamuzi wake. Ule uma usingetumika tena. Wahida na Faizal wangesimama mbele ya darasa na kueleza walichofanya, bila kuficha. Kisha wangetafuta uma mwingine na kuufunga wao wenyewe, yeye akitazama. Ukipatikana, Wahida atashindana. Usipopatikana, basi.

Kusimama mbele ya darasa kulikuwa kugumu. Faizal alisema maneno machache huku akitazama vidole vya miguu yake, na hakutia mzaha hata mmoja. Mtoto mmoja alipoanza kuwacheka, Dona Quitéria alimtazama tu, kicheko kikafa.

Habari zilizunguka. Wachukuzi wa Olumbi, waliposikia habari ya kamba ya mbuzi, kila mmoja alitaka baiskeli yake ipimwe, na kila mmoja alileta chuma alichokuwa nacho nyuma ya nyumba. Uma wa kwanza bomba lake la juu lilikuwa nene, halikuingia kwenye fremu. Wa pili ulikuwa umetolewa shingo zamani. Uma ulioletwa na mzee Ossufo, wa baiskeli iliyokatika fremu, ulikuwa umeshika kutu, lakini haukuwahi kuingia kwenye mkorosho. Wahida aliusugua kwa mchanga, akautafuta ufa kwa ukucha, hakuona. Wakaufunga. Akalaza mshipi, akapiga magoti.

"Vitatu," alisema. Akapima tena kabla ya kurudia, "Vitatu, senhora professora."

"Basi isukume."

Darasa zima lilijipanga ukingoni mwa uwanja. Wahida alishika kiti, akakimbia, akaachia. Baiskeli ya buluu yenye uma wa kutu ikaenda peke yake. Ikainama, ikajirekebisha, ikavuka uwanja. Safari hii hakuna aliyesema jini. Walitazama tu, na walijua wanatazama nini, na kujua hakukupunguza uzuri wake hata kidogo.

Siku ya Uhuru, Palma ilijaa vitambaa na ngoma. Wahida alishika nafasi ya tatu. Msichana wa Mute aliyeitwa Rosalina aliwaacha wote, na baadaye alikuja kuuliza ule uma mbaya unawezaje kutulia hivyo kwenye mteremko.

"Nitakueleza," Wahida alisema. "Una mshipi?"

Abudo alikuwa amewasubiri mwisho wa njia pamoja na Faizal. Alimfuta binti yake vumbi usoni kwa pindo la shati.

"Wa tatu si haba," Faizal alisema. "Ungekuwa na uma wangu ungekuwa wa kwanza kufika."

"Kufika wapi?"

"Hospitali."

Wote wakacheka, Faizal kuliko wote. Kisha Abudo akaweka mkono begani kwa Wahida.

"Mwanangu, uliniuliza gesi ikoje, nikakwambia haionekani. Na kamba ile haionekani. Ukweli nao ni hivyo hivyo. Ulipouficha, baiskeli ilionekana nzima, hata ikapambwa, lakini ilikuwa inamsubiri mtu kwenye mteremko. Kosa lililofichwa halilali, husafiri kumtafuta asiyekuwa na hatia. Sitajivunia nafasi ya tatu kama ninavyojivunia siku ile ulipokata mashamba miguu mitupu."

Upande wa pili wa njia Dona Quitéria alikuwa amesimama, mkoba mgongoni, akimsubiri. Wahida aliielekeza baiskeli kwake, akakimbia nayo hatua chache, akaiachia. Ikaenda yenyewe katikati ya watu waliopisha, bila kuyumba, mpaka ikaingia mikononi mwa mwenyewe.